Mtambo wa Sadaka Mwisho wa Laini

Rajkot, Gujarat, India
Ijumaa asubuhi

Kwa Baba yangu, Mzee Mrisho,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo, Baba. Marahaba yako nimeshaisikia huku huku, ile unayoivuta kidogo kabla ya kuuliza nimekula nini, kwa hiyo naendelea. Goti la kulia linasemaje? Zuhura ananiambia umeacha dawa ya kuchua kwa sababu inanuka, na kwamba juzi umepanda darini mwenyewe kukagua magunia ya korosho. Korosho hazitoroki, Baba. Na wale nguruwe wa porini, wamepungua, au bado wanachimba mihogo yako kama walioipanda wao?

Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio haujatulia, na sababu yake utaisikia. Joto la huku mwezi huu si la mchezo, lami inalainika barabarani, na chumba changu kiko ghorofa ya juu kabisa ambako bati limelaliwa na jua kutwa nzima. Mwenye nyumba ni bibi mjane wa Kihindu, ananiita "beti", yaani binti, na kila jioni ananigongea na kikombe cha chai kidogo kama kifuniko cha chupa. Sokoni nikisikia watu wanasema achari, chapati, bima, huwa nageuka nikidhani niko Bagamoyo mjini. Kisha mtu ananiuliza kitu kirefu, nabaki namtazama kama sanamu. Unga wa mahindi nimeupata, ila ni laini mno, ugali wake unateleza. Ijumaa naswali msikiti ulio nyuma ya kiwanda cha pampu, na wanawake tuna chumba chetu chenye feni mbili. Siyo maisha mabaya. Upweke upo, lakini upweke haujaniua, na leo siandiki kulia upweke.

Naandika barua kwa sababu simu umeikata mara mbili. Usikasirike nikilitaja. Nyumbani kwetu barua haikatizwi, wewe ndiye uliyetufundisha tangu zile za Baba Mkubwa alipokuwa Tanga: barua ni mgeni, husikilizwa kuanzia salamu mpaka jina la mwisho, na msikilizaji hata akitambaliwa na siafu hasemi neno. Basi nimekuvizia kwa njia hiyo. Kurasa hizi nazipiga picha, namtumia Zuhura kwenye simu yake, naye atakusomea leo ukitoka kuswali Ijumaa. Zuhura mdogo wangu, soma yote, hata pale nitakapojisema vibaya. Usiruke mstari.

Baba, hujawahi kuniuliza hasa nafanya kazi gani huku. Ukiulizwa na watu unasema "yuko kwenye mambo ya umeme", na hujakosea. Ofisi yetu ni ya watu tisa. Wanatuletea ramani ya laini ya umeme ya mji au kijiji, sisi tunaingiza kwenye kompyuta kila nguzo, kila transfoma, kila nyumba inakula kiasi gani, kisha tunatafuta mambo mawili tu: mtambo mdogo wa kuzalisha umeme uwekwe wapi, na uwe mkubwa kiasi gani. Hayo mawili ukiyapatia, watu wa mwisho wa laini wanapata umeme wenye nguvu na hasara njiani inapungua. Ukiyakosea, ni afadhali wangekaa na vibatari. Ni kama chumvi. Hakuna anayebisha kwamba mboga inataka chumvi, ugomvi ni kiasi gani na utie wakati gani.

Wale wafadhili walipotaka kutuletea mtambo wa jua, nililala na ramani ya laini yetu kwa wiki mbili. Hakuna aliyeniagiza, nililala nayo kwa mapenzi. Umeme unatoka Bagamoyo, unapita Fukayosi, pale njia panda unachepuka kuja kwetu, na ukifika nyumbani umechoka. Kila mtu anakumbuka taa zetu zilivyokuwa nyekundu kama kaa la mkaa. Nikapiga hesabu, nikaona mtambo unatakiwa kukaa karibu na mashine ya kusaga, maana pale ndipo penye mlaji mkubwa, na uwe wa kilowati arobaini. Nikaituma karatasi yenye sahihi yangu. Nilijivuna sana siku ile.

Wiki iliyofuata ulinipigia. Ulisema kamati imekaa, na wewe umesimama mbele ya watu ukatoa kile kiwanja cha Mama, cha mwisho wa kijiji kando ya msikiti, kiwe wakfu, mtambo ujengwe pale, iwe sadaka yake inayoendelea. Kila taa itakayowaka, kila mtoto atakayesoma juzuu chini ya taa, thawabu zimfikie. Ulilia kwenye simu, Baba. Sijawahi kukusikia ukilia, hata siku tuliyomzika. Kisha ukasema kamati imeomba mtambo wa kilowati tisini, kwa sababu sadaka haipimwi kwa kibaba cha wasiwasi.

Mimi nilijua. Nataka ulisikie hili vizuri. Nilijua kwamba pale ni mwisho wa laini, na kwamba tisini ni zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa. Nilipaswa kusema, "Baba, hapana." Nikasema, "Inshallah itafaa." Nikaketi, nikabadilisha karatasi, nikatia sahihi tena. Hesabu ikakataa, nami nikaifunga hesabu, maana nilikuwa na mzee wangu analia na sikuwa na uso wa kumwambia kiwanja cha marehemu mkewe hakifai.

Mwanzoni ikawa furaha. Ulinitumia sauti: "Mwanahawa, taa zinang'aa, mchana na jioni huzitofautishi." Watu wakasema ni baraka za Mama Mwanahawa. Mimi huku nikasikia kitu kingine. Taa ikizidi kung'aa, Baba, inasukumwa kuliko inavyoweza kubeba. Jua likiwa la utosi na mashine ya kusaga imelala, ule umeme wa tisini hauna pa kwenda, unajaa kwenye laini. Zuhura akaanza kunihadithia balbu zinapasuka. Kisha friza la duka la samaki likaungua. Kisha redio ya msikitini ikatoa moshi. Kila mara mkamlaumu Mchina aliyetengeneza.

Hilo ni dogo. Vitu vinanunuliwa vingine.

Kubwa ni hili. Mtambo ule ulikuja na betri za usiku, na kidude cha kinga. Kazi yake ni moja: umeme wa Bagamoyo ukikatika, nacho kinauzima mtambo papo hapo, usibaki unapeleka umeme kwenye laini ambayo watu wanadhani imekufa. Ramadhani iliyopita, kidude kile kikawa kinazima mara tatu mara nne wakati wa tarawehe, kwa sababu laini yetu inayumba na chenyewe hakijui tofauti ya kuyumba na kukatika. Mko rakaa ya sita, giza. Imamu hasikiki. Watu wakaanza kunong'ona. Ukampa Mshamu, fundi anayeuangalia mtambo, simu yako anipigie, na akaniuliza kwa adabu yake yote: "Dada, hakuna namna ya kukituliza kwa mwezi huu mtukufu?"

Namna ilikuwepo. Nikamwelekeza kwa picha, hatua kwa hatua, akakifunga kwa kipande cha waya kisifanye kazi. Nikamwambia, "Siku thelathini tu, Mshamu. Idi ukishaswali, kifungue." Akasema, "Umesema, dada." Idi ikapita. Yeye akasahau, au aliona kimya ni kizuri akakiacha. Na mimi sikuuliza. Baba, miezi yote hii sikuuliza hata mara moja.

Jumapili usiku Zuhura alinitumia video ya akika ya mtoto wa jirani. Watoto wanakula, wanawake wanaimba, feni kubwa juu inazunguka. Nikatabasamu. Halafu nikamsikia mama mmoja nyuma anasema, "Umeme umekatika tangu asubuhi, mpaka Bagamoyo hakuna." Na feni inazunguka. Nikairudisha video nyuma. Nikamsikiliza tena yule mama, nikaiangalia tena ile feni. Nyumba ile haina waya wa moja kwa moja kutoka mtamboni, inakula kwenye laini kama nyumba nyingine zote. Basi laini ilikuwa hai.

Nikaingia ofisini kabla ya wenzangu, nikaipandisha laini yetu kwenye kompyuta kama ilivyo leo: mtambo pale kwa Mama, ukubwa tisini, kinga imefungwa. Nikaikata pale njia panda. Nilitaka mtambo ushindwe. Nilitaka nione unalemewa na kuzima wenyewe. Haukuzima. Tangu mwaka jana mmeongeza mashine ya pili ya kusaga, mmeongeza pampu ya kisima na duka la barafu, na sasa kijiji chote mchana kinakula karibu kile kile mtambo unachotoa. Vimelingana. Ukikata njia panda, kijiji na mtambo wanabaki wenyewe kwa wenyewe, wanaendelea kuishi. Na transfoma, Baba, haijui mbele na nyuma. Ile inayoteremsha umeme wa nguzo kubwa uingie nyumbani, ukiilisha kwa nyuma inaupandisha. Unarudi kwenye nguzo ukiwa na nguvu ile ile ya kuua.

Sasa sema nani anapanda nguzo zile.

Kassimu alinipigia Jumatano, amefurahi. Mkandarasi wake amepewa kazi ya kubadilisha nguzo zilizooza kutoka njia panda hadi kwetu, na yeye ameomba apangiwe Jumamosi upande wa nyumbani, ili adhuhuri ashuke ale pilau ya khitma ya Mama. Kitindamimba wetu, hata kazi anaipanga kwa tumbo. Nikamuuliza, "Mnapima kabla ya kugusa waya?"

"Kipimo kiko kimoja, dada, wanacho wenzetu wa Kiwangwa. Lakini tunakata pale njia panda kwa macho yetu. Laini ikishakatwa ni kamba ya kuanikia nguo."

"Na ule waya wa kuushusha umeme ardhini?"

"Tunao, tunafunga kila siku, usidhani tuna wazimu. Tunafunga upande wa Bagamoyo, ndiko umeme unakotoka."

Nikamwambia habari ya mtambo. Akacheka. "Dada Mwanahawa, ule ni wa taa za msikiti." Nikamwambia si wa taa za msikiti. Nikapandisha sauti, nikamwambia asipande. Akasema, "Basi mwambie Baba auzime siku hiyo, yeye ndiye mwenye ufunguo. Mimi nikimwambia msimamizi sipandi kwa sababu dada yangu wa India ameota, Jumatatu nitakuwa sina kazi." Tangu hapo yuko kambini, simu inashika kwa bahati.

Simlaumu. Tangu nguzo za kwanza zisimikwe, umeme wetu umetoka Bagamoyo. Wao wanafunga upande ambao hatari imekuwa ikitokea siku zote. Hakuna aliyekwenda kuwaambia kwamba sasa inatoka pia kwa Mama.

Nikakupigia wewe. Unakumbuka ulivyonijibu?

"Nizime siku ya khitma ya mama yako? Watu watoke Kerege, watoke Zinga, wakute spika zimekufa?"

Nikasema ni saa chache tu, Baba, msome kwa sauti zenu.

"Mtambo ule una jina la mama yako, Mwanahawa. Wewe umekaa huko na kompyuta, sadaka yangu unaiona mzigo. Usiniharibie." Ukakata. Nikapiga tena, ukakata tena.

Ulikuwa na haki ya kuumia. "Ungeniambia mapema," ungesema, na ungesema kweli. Niliogopa kukuumiza kidogo siku ile ulipolia, na sasa nimekuletea hili. Kosa la mahali ni langu, la ukubwa ni langu, na ule waya uliofunga kinga ni mkono wangu, Mshamu alikuwa vidole tu. Nikirudi uniite mbele ya kamati uwaambie hivyo, nitakaa chini nisikilize. Kiwanja cha Mama si kibaya wala sadaka yako si mbaya. Tutauhamisha mtambo, tutaupunguza, hapo utabaki msikiti na taa zake, na thawabu hazitapungua hata chembe. Haya yote yanatengenezeka. Kassimu hatengenezeki.

Ninachoomba ni hiki. Kesho Jumamosi, ukimaliza alfajiri, usimtume mtu. Nenda mwenyewe mtamboni na Mshamu. Ule mkono mwekundu wa ndani ya kabati, uteremsheni mpaka chini, muutie kufuli. Kisha toka nje, hakikisha feni ya msikiti imesimama. Ufunguo usiurudishe shingoni mwako. Mngojee Kassimu barabarani, umtie ufunguo mkononi mwake, siyo mkononi mwa msimamizi wala wa Mshamu, umwambie autie mfukoni apande nao. Akishuka nguzo ya mwisho, akurudishie, mle pilau. Na ule waya wa kwenye kinga Mshamu aukate kesho hiyo hiyo, hata tarawehe zote za dunia zikitiwa giza.

Nisalimie Shangazi muuza maandazi, mwambie kanga zake nimezipata kwa yule mwanafunzi wa Mlandizi. Nisalimie Mjomba wa kisimani, na mke wake anayejifungua mwezi huu, Mungu amshushe salama. Nisalimie mwalimu wa madrasa aliyenifundisha alifu kwa kiboko, mwambie bado naogopa mkono wake. Mshamu msalimie na usimgombeze. Watoto wote wabusu paji la uso.

Nakuombea afya na maisha marefu, na unisamehe kabla hujanyanyuka hapo ulipokaa.

Mimi mwanao,
Mwanahawa binti Mrisho

*

Zuhura, ukurasa huu nauandika baada ya kuwa nimekwisha kukutumia hizo zilizotangulia. Kassimu ameniandikia ujumbe, aliuandika asubuhi, mimi ndiyo kwanza nauona sasa hivi. Nakunakilia ulivyo: "Dada, kazi imesogezwa mbele, hatungoji Jumamosi. Tunaanza leo. Saa nne kamili tunakata njia panda. Mimi naanzia nguzo ya kwetu huko mwisho, ili nimwone Baba kabla hajaenda msikitini."

Nimempigia, hapatikani. Nimempigia Baba, hapatikani. Mshamu hapatikani, wewe hupatikani. Wote kwa mara moja. Mnara wa simu wa Fukayosi unakula umeme ule ule wa Bagamoyo, na huwa unazimika umeme ukikatwa.

Acha chochote ulichoshika. Usimsomee Baba kitu. Chukua ufunguo ukimbie kwa Mama, mkono mwekundu, chini mpaka mwisho.

Kurasa zote zimeondoka kwenye simu yangu. Zina tiki moja moja, hakuna iliyofika. Huko kwenu ni saa nne na robo.